Nipe Fomula, Bibi Mifugo

Ujumbe unaofika kwenye jarida kwa ajili yangu siku hizi una sentensi moja tu: "Bibi Mifugo, naomba fomula ya chakula cha kuku." Nimetumikia ugani wa mifugo Singida na Dodoma mpaka nikastaafu, na fomula ninazo daftari zima. Lakini ukiniomba fomula bila kuniambia dagaa wako ni wa wapi, alizeti imekamuliwa kwa mashine gani na mahindi yamelala ghala la namna gani, ni sawa na kumpigia mfamasia simu ukamwambia "nipe dawa" bila kusema kinachouma. Mwezi huu nimechagua wale walioeleza walichonacho mkononi.

*Shikamoo Bibi Mifugo. Nina mitetea 20 chotara nyuma ya nyumba. Nilipokuwa nawalisha chakula cha dukani nilikuwa naokota mayai 14 hadi 16 kwa siku. Bei ya mfuko ikanishinda. Nikapata fomula kwenye kundi la WhatsApp: pumba za mahindi kilo 40, mashudu ya alizeti kilo 8, dagaa kilo 2, chumvi nusu kilo. Sasa naokota mayai sita au saba, na mengine ganda linabonyea kwa kidole. Jirani anasema niongeze dagaa. Niongeze kiasi gani? – Mama wa Maili Moja, Kibaha*

Marahaba, mwanangu. Dagaa waache kwanza, nitawarudia. Aliyekupa hiyo fomula amesahau chokaa, ndiyo inayoleta kalsiamu. Ganda la yai moja lina kama gramu mbili za kalsiamu. Mtetea asipoipata kwenye chakula huichukua kwenye mifupa yake mwenyewe, na ikipungua huko ndipo unaona ganda laini, kisha anaacha kutaga. Hata ungemwaga ndoo nzima ya dagaa, ganda lisingekaza.

Protini nayo imepungua, ila si sana kama anavyodhani jirani yako. Pumba zina protini asilimia 10 hivi. Mashudu ya mashine zetu ndogo, yale yanayokamuliwa pamoja na maganda ya alizeti, yana 25 hadi 28. Dagaa wakiwa safi tuseme 50. Nimekupigia hesabu, mchanganyiko wako unakuja kama 14, na kuku anayetaga anahitaji 16 au 17. Kinachonitisha zaidi ni zile kilo 40 za pumba. Pumba zinajaza tumbo bila kutia nguvu. Kuku anakula mpaka firigisi inajaa, na bado mwili hauna cha kutengenezea yai. Chumvi nayo umeweka mara mbili ya inayotakiwa. Robo kilo kwenye kilo 50 inatosha kabisa.

Jaribu hivi, kwa kilo 50: mahindi yaliyoparazwa kilo 22 na nusu, pumba kilo 7, mashudu ya alizeti kilo 7, soya iliyokaangwa kilo 5, dagaa kilo 3 na nusu, chokaa ya mifugo kilo 3 na nusu, unga wa mifupa kilo 1, chumvi robo kilo, na premiksi ya kuku wa mayai, yaani ule unga wa vitamini na madini. Premiksi hapa nimeiwekea robo kilo, lakini fuata kipimo cha pakiti uliyonunua, maana zinatofautiana. Protini inafika 16 na kitu. Kila mtetea akila gramu 120 kwa siku, kilo 50 zitakufikisha wiki tatu.

Sasa mambo ambayo fomula haiwezi kukuambia.

Mahindi yaparazwe, yasisagwe. Unga laini unaganda mdomoni, nusu unapeperuka, na kuku wanauchezea tu. Mwambie mwenye mashine abadilishe chekeche. Akikataa, tafuta mwingine.

Soya kamwe usiwape mbichi. Ndani yake kuna kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, kwa hiyo unalisha chakula cha bei mbaya kinachopita moja kwa moja hadi kwenye maranda. Kaanga kwa moto wa wastani huku ukikoroga, mpaka ganda lianze kupasuka na harufu mbichi ya maharage iishe. Ukivunja punje, ndani iwe rangi ya kahawia nyepesi. Ikiungua ikawa nyeusi umeharibu tena, protini yenyewe imeungua.

Dukani sema "chokaa ya mifugo". Usikubali kuuziwa ile ya kupaka ukuta, inaunguza.

Na dagaa. Wengi wanaoishia kwenye chakula cha mifugo ni wa Ziwa Victoria, na sehemu kubwa huanikwa juu ya mchanga wa ufukweni. Kabla ya kununua kiroba, nunua robo kilo. Watie kwenye ndoo ya maji, koroga, waopoe, uyamwage maji taratibu. Anika kilichobaki chini, kipime. Ukikuta gramu 50 za mchanga, ujue katika kila shilingi tano unazolipa, moja unanunulia mchanga. Hapo ndipo fomula za WhatsApp zinapofia: aliyeiandika alikuwa na dagaa waliochekechwa, wewe una dagaa wa kufagiwa. Chekecha kwa chekeche la mchele, kisha ndiyo upime zile kilo 3 na nusu.

Kuchanganya: vile vidogo vyote, yaani premiksi, chumvi, chokaa na mifupa, vichanganye kwanza na pumba kwenye beseni. Halafu mwaga vyote juu ya turubai safi na ugeuze kwa koleo, rundo likihama kutoka upande huu kwenda ule, mara nne au zaidi. Ukitupia chumvi juu ya rundo la kilo 50 na kugeuza mara moja, kuku mmoja atakula chumvi ya wenzake kumi. Chumvi nyingi inaua.

Wahamishe polepole, robo ya chakula kipya kila baada ya siku mbili. Ganda litakaza kwanza, idadi ya mayai itafuata baada ya wiki kadhaa. Isipopanda kabisa, niandikie tena unieleze kama wananyonyoka manyoya na mara ya mwisho walichanjwa kideri lini, maana si kila yai linalopotea limepotelea kwenye chakula.

*Bibi, habari za kazi. Huku kwetu mahindi ni ya kubahatisha, ila mtama ninao gunia tano, mwingine mweupe, mwingine mwekundu. Nataka kuweka mtama mahali pa mahindi. Nitajuaje nichanganye na mashudu kiasi gani? – Kijana wa Chamwino, Dodoma*

Nzuri, mwanangu. Umeuliza swali nililokuwa nalisubiri, maana hukuomba fomula, umeomba njia.

Mtama unafaa. Protini yake ni kama 10, hata unayapita mahindi kidogo. Ila tenganisha hayo magunia. Ule mtama mwekundu wenye uchungu, ambao hata ndege shambani hawaugusi sana, una tanini, na tanini inashika protini kuku asiifaidi. Ndege wamekwisha kukupimia. Mweupe weka mahali pa mahindi yote. Mwekundu usizidi robo ya nafaka yako.

Kwa hesabu, wataalamu wanatumia mraba wa Pearson. Usiogope jina, ni kutoa na kugawanya tu. Chora mraba. Kona ya juu kushoto andika protini ya nafaka, tuseme 10. Kona ya chini kushoto andika protini ya vile vya kujenga mwili vikiwa vimechanganywa. Wewe una mashudu na dagaa; ukichanganya kilo mbili za mashudu yenye 27 na kilo moja ya dagaa safi wenye 50, unapata kama 35. Katikati andika unachokitaka.

Hapa wengi wanajikwaa. Chokaa, mifupa, chumvi na premiksi vinachukua kama kilo 10 katika kila 100, na havina protini ya kuhesabu. Kwa hiyo ukitaka 16 kwenye mfuko mzima, kilo 90 zilizobaki lazima ziwe na 18 hivi. Katikati andika 18.

Sasa toa kwa mshazari. 35 toa 18 ni 17, hizo ni sehemu za nafaka. 18 toa 10 ni 8, hizo ni sehemu za mashudu na dagaa. Jumla sehemu 25. Kilo 90 gawanya kwa 25, kila sehemu ni kilo 3.6. Nafaka zidisha kwa 17, unapata kilo 61. Mashudu na dagaa ni kilo 29 zilizobaki, na katika hizo dagaa ni theluthi moja, kama kilo 10.

Dagaa kilo 10 katika 100 ndiyo mwisho, usipande zaidi, mayai yatanuka samaki. Ukiona bei yao inakuumiza, tafuta soya upunguze dagaa, kisha chora mraba upya. Mashudu ukiyapandisha sana unarudi kwenye tatizo la dada yetu wa Kibaha, maganda mengi tumboni.

Jambo moja zaidi: mtama hauna rangi ya kutia kiini. Wateja wako wataona kiini cheupe na kusema si yai la kienyeji. Mahindi yetu meupe yana kasoro hiyo hiyo. Wape majani kila siku, mchicha, mlonge, au lusina iliyokaushwa kivulini. Lusina isizidi kilo 5 kwenye 100, nayo ina sumu yake ikizidi.

*Mama, mahindi yangu yalinyeshewa ghalani, yameshika ukungu wa kijani. Sisi hatutakula, tunataka tuyaanike, tuyasage kwa ajili ya kuku yasipotee bure. Yanafaa? – Mkulima, Kongwa*

Hayafai.

Najua inauma kutupa gunia. Lakini sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, iligunduliwa kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, mpaka uchunguzi ukawapeleka wataalamu kwenye mashudu ya karanga yenye ukungu yaliyotoka Brazil. Ndipo duniani ikajulikana kuna sumu hiyo. Nanyi wa Kongwa hamhitaji habari za Uingereza: mwaka 2016 Dodoma na Manyara tulizika watu waliokula mahindi yenye sumukuvu.

Jua haliiondoi. Kuchemsha hakuiondoi. Kusaga ndiyo kabisa, unaificha tu. Kuku hafi siku hiyo hiyo: anapunguza kula, hakui, ini linaharibika, chanjo haishiki vizuri, anaanza kuugua magonjwa ambayo wenzake wanayapita. Sehemu ya sumu inaweza kupita hadi kwenye ini na mayai mnayokula nyinyi. Kwa hiyo kusema "ni ya kuku, si ya watu" ni kujidanganya.

Usiyauze pia kwa mwenye mashine ya kusaga. Nakuambia hivyo kwa sababu najua pumba za bei chee zinazozunguka mjini zinatoka wapi. Nanyi wasomaji mnaonunua pumba, tia mkono mpaka chini ya gunia. Zikiwa na joto, zimegandamana mabonge, au zinanuka uvundo, ziache hapo hapo hata kama muuzaji ni shemeji yako.

*Shikamoo. Mnunuzi wangu amerudisha trei mbili, anasema viini vina rangi ya kijani iliyofifia kama vimeoza, na mayai ni ya wiki jana tu. Kuku wanakula pumba, mahindi, mashudu ya pamba na dagaa. – Baba wa Bariadi*

Marahaba. Hayajaoza. Ni mashudu ya pamba. Mbegu ya pamba ina gosipoli, na yai la kuku aliyekula gosipoli likikaa kiini kinageuka rangi hiyo. Huko kwenu mashudu ya pamba ni rahisi kuliko yote, naelewa, lakini kwa kuku wa mayai yaondoe. Wape ng'ombe wakubwa, wao tumbo lao linaimudu. Nenda kwenye alizeti.

*Hujambo Mama. Niko Kisumu. Omena (dagaa) imepanda bei, kijana wangu ananiambia nifuge funza. Mimi naona kinyaa. Je, ni kweli kuku wanaweza kula funza wakataga? – Mama wa kuku 60*

Sijambo, dada. Kinyaa kitakwisha ukiona gharama. Wanataga, tena sana. Kuku wa kuachiwa anashinda akichakura nini kama si wadudu? Huko kwenu Kenya, kituo cha icipe kilichopo Nairobi kimefanya utafiti mwingi juu ya funza wa yule nzi mweusi mwembamba anayefanana na nyigu. Funza wake wakikaushwa protini yao ni kama 40. Nzi mwenyewe haingii jikoni kutua kwenye chakula kama huyu tunayemfukuza kila siku.

Lakini kuna kufuga funza na kuna kuokota funza. Wafuge kwa maganda ya ndizi, mabaki ya ugali, machicha ya pombe, mboga zilizonyauka, kwenye beseni lenye kifuniko na mahali pa maji kuchuruzika. Usiwatoe kwenye mzoga. Kuku akila funza waliotoka kwenye mnyama aliyekufa anaweza kupata sumu inayomlegeza shingo, kichwa kinalala chini, na hapo huna dawa ya kumpa. Choo cha shimo pia hapana, hata uambiwe nini.

Ukishawavuna, wachemshe kidogo, waanike mpaka wakauke kabisa, kisha wasage waingie mahali pa sehemu ya omena. Mafuta yao ni mengi, kwa hiyo wakikaa muda mrefu wanachacha. Anza na nusu: omena nusu, funza nusu.

*Asalaam alaykum Bibi. Tanga hapa. Machicha ya nazi yanafaa kwa kuku? Mama lishe wa jirani ananipa bure kila siku. Na dagaa zetu za pwani je? – Ami wa Pongwe*

Waalaykum salaam, Ami. Machicha ya nazi wape, lakini kama kitafunwa. Mafuta yamo, protini ni kidogo, nyuzinyuzi ni nyingi. Yaliyokamuliwa asubuhi yaishe siku hiyo hiyo. Joto la Tanga linayachachusha haraka. Yasihesabiwe kwenye fomula.

Dagaa wa pwani wana protini nzuri, ila kumbuka wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Ukiwatumia, ondoa ile chumvi ya mezani kwenye mchanganyiko. Onja mmoja. Kama ni chumvi kupindukia, waloweke na kuwasuuza kisha uwaanike upya, au nunua wa ziwani. Na wewe una bahati ya makome ufukweni: yaoshe, yatwange mapande madogo, yaweke kwenye kopo pembeni. Mtetea mwenyewe anajua lini ayafuate.

*Nina kuku sita tu. Nianze kutengeneza chakula? – Msomaji, Ilala*

Usihangaike. Kuku sita wanakula kama gramu 700 kwa siku. Mpaka ununue premiksi, mifupa, soya na nauli ya mashine, faida imekwenda, na pakiti ya premiksi itaharibika kabla hujaimaliza. Nunua chakula cha dukani kwa kilo, asubuhi uwape hicho, mchana mboga na mabaki ya jikoni yasiyo na chumvi wala ukungu. Kuchanganya mwenyewe kunaanza kulipa ukifika kuku ishirini na kuendelea, au mkiungana majirani watatu mkasaga pamoja.

*Hiki chakula cha mitetea, vifaranga nao wakila kuna ubaya? – Mama Kijacho, Manyoni*

Upo. Chokaa ya kuku wa mayai ni karibu mara nne ya anayoihitaji kifaranga, na figo zao hazihimili. Wanavimba, wanakonda, wanakufa mmoja mmoja, na watu wanasema ni kideri. Vifaranga wanahitaji pia protini zaidi, 18 hadi 20. Ushauri wangu, mwezi wa kwanza wanunulie chakula cha vifaranga cha dukani, hata kama vingine vyote unachanganya mwenyewe. Hapo si pa kubana senti. Kisha wape mchanganyiko wa wanaokua, ule ule wa Kibaha ukiondoa chokaa yote na ukiacha mifupa kilo 1. Nafasi ya chokaa ijaze pumba. Chokaa irudi mitetea wanapoanza kutaga.

Na kama vifaranga wanazunguka na mama yao kwenye banda moja na wakubwa, chukua tenga, liinue kwa matofali kiasi cha kifaranga kupita chini, weka chakula chao ndani. Juu weka jiwe zito, maana jogoo atajaribu.